Chumba Kisichovuja

"Dari hiyo inashushwa leo, Baba, siyo kesho, siyo—"

"Nani kasema kinavuja? Mtaje. Mtaje nimsikie—"

"Sijasema kinavuja, nimesema utoke ili mafundi—"

"Basi kama hakivuji, nitoke niende wapi?"

Mama alikuwa nje ya mlango, ameshika mpini wa ufagio. Babu, ambaye ni baba yake mzazi, alikuwa ndani na mlango ameukomea. Kila mmoja alikanyaga maneno ya mwenzake, kiasi kwamba ukisimama koridoni, kama alivyosimama Karani asubuhi hiyo ya Jumamosi, ungedhani ni redio mbili zimefunguliwa stesheni tofauti.

Karani hakuwa karani wa ofisi yoyote. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, anasoma darasa la sita, na jina hilo alipewa na Babu kwa sababu ya kazi moja. Tangu msimu wa mvua uanze, kila mvua ikinyesha, Karani alichukua chaki akapita chumba hadi chumba, na pale tone lilipoangukia akachora duara sakafuni. Tone dogo, duara dogo. Tone kubwa, duara kubwa lenye msalaba katikati. Mama alipopiga deki aliyakwepa maduara hayo kama mtu anayepita kati ya mayai.

Aliyeagiza hivyo ni fundi wa paa, mtu mwembamba mwenye mikono mirefu. Mtaa mzima ulimwita Mjusi kwa jinsi anavyopanda kuta, na mwenyewe alishalikubali jina hilo hadi akaliandika kwa rangi kwenye ngazi yake. Mjusi alikuwa na utaratibu wake. Alisema maji yakishuka mahali kwa muda mrefu, mbao za juu yake huoza polepole, na ukiwa juu ya paa huwezi kuona ubovu huo kwa sababu mabati yameufunika. Kwa hiyo yeye husoma sakafu kwanza. Penye duara hakanyagi. Pasipo na duara anatembea kama yuko barabarani.

Nyumba ilikuwa na watu watatu tu, Mama, Babu na Karani, lakini vitu vilikuwa vya watu thelathini. Watu hudhani kubadilisha paa ni kazi ya mafundi. Fundi anakuja na nyundo yake, basi. Wenye nyumba ndio wanaohamisha maisha yao. Tangu alfajiri kabati la nguo lilifunguliwa skrubu likarudi kuwa mbao. Nguo ziliingia kwenye viroba, sufuria kwenye maboksi, magodoro yakapelekwa kwa jirani mshonaji ambaye alikubali yalale kwenye chumba cha vyerehani. Sofa lilisukumwa katikati ya sebule likavishwa nailoni, likabaki limevimba kama kiboko aliyelala. Fundi umeme alikuja akakata nyaya akaondoka. Kisha dari zikaanza kushushwa, na kila kipande kilishuka na zawadi yake: vumbi la miaka mingi, kiota cha shomoro, na soksi moja nyekundu ambayo hakuna aliyekubali kuwa ni yake. Mama alicheka hapo, mara moja tu, na siku nzima hakucheka tena.

Alikuwa na sababu. Kwenye kiwanda cha mikate anakofanya kazi alikuwa amepewa ruhusa ya siku mbili, Jumamosi na Jumapili. Mjusi naye Jumatatu alikuwa na kazi nyingine upande wa pili wa mji. Na mawingu yalikuwa yameshaanza kujipanga. Paa lisipoisha ndani ya siku hizo mbili, wangelala chini ya mbingu.

Mwishowe Babu alitoka, lakini kwa masharti. Alifunga mlango wake kwa kufuli, akatia ufunguo mfukoni, akabeba kiti chake akaenda kukaa uani na uso wa mtu aliyeonewa. Dari yake haiguswi. Miaka thelathini iliyopita yeye mwenyewe, seremala, ndiye aliyepanga mbao za paa lile, na chumba chake hakijawahi kuvuja.

Mjusi alikuwa ameshapita vyumba vyote akisoma sakafu. Alifika kwenye kufuli akasimama.

"Karani," akaita, "chumba cha mzee kina maduara mangapi?"

Karani alitazama ndala zake. "Hakuna," akasema. "Kikavu."

"Una uhakika?"

"Ndiyo."

Mjusi alichomoa penseli nyuma ya sikio, akaandika sifuri kwenye kidaftari chake. Akasema kama ni hivyo dari ya mzee isubiri, watapitia juu, hakuna haja ya kugombana na mtu mzima.

Karani aliitazama sifuri ile hadi kidaftari kikafungwa.

Wiki mbili nyuma, mchana mmoja, mvua ilikuwa imenyesha kwa hasira. Karani alipita na chaki yake kama kawaida. Kwenye chumba cha Babu hakuwahi kuingia, yeye hugonga tu, na Babu hujibu kutoka ndani, "Kikavu." Siku hiyo mlango ulikuwa haukufungwa vizuri. Ulipogongwa ukafunguka wenyewe, na Karani akamwona babu yake amekaa ukingoni mwa kitanda, kapakata beseni. Tone likashuka likaingia beseni: to. La pili likafuata. Beseni lilikuwa limejaa nusu, na shuka lilikuwa limelowa pembeni.

Babu alimwambia afunge mlango. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo Karani hakuwahi kuisikia kwake, akamweleza. Mjomba alishatamka kwamba chumba cha mzee kikianza kuvuja, anamchukua akaishi kwake, ghorofa ya nne. Babu aliwahi kukaa huko mwezi mzima akashuka chini mara mbili tu, kwa sababu ya ngazi. Alisema alikaa kule kama shati lililosahaulika kwenye kamba. Hapa ana uani wake, ana watu wanaompita na kumsalimia, ana benchi la kupigia randa hata kama siku hizi hapigi.

"Duara moja tu, mjukuu wangu," Babu alisema. "Usilichore."

Karani hakulichora. Siku ile aliona amefanya jambo jema. Alitoka chumbani na chaki yake akijiona mtu mzima, mwenye siri ya kumlinda babu yake. Hakujua kwamba siku moja mtu angepanda juu akiwa na siri hiyo chini ya miguu.

Kufikia saa sita, nusu ya nyumba ilikuwa haina paa. Mabati ya zamani yalilala uani, mekundu kwa kutu. Ukisimama sebuleni uliona anga, na anga lilikuwa la rangi ya masizi. Mjusi na wenzake wawili walimaliza kuezua upande wa jikoni, wakanywa maji, wakaanza kusogea upande wa Babu.

Karani aliacha kiroba alichokuwa anakifunga. Alikwenda uani, akachuchumaa karibu na kiti cha Babu, akamwomba amwambie fundi mwenyewe kabla hajafika pale. Babu hakukasirika. Alimwambia atulie. Mbao zile alizichagua mwenyewe, moja moja, akazigonga, akazinusa, akazipaka dawa. Maji kidogo hayaziwezi. Fundi atapita, atafunga mabati mapya, tone litakoma, na hakuna atakayejua lolote.

"Babu, kama zimeoza je?"

"Mbao zangu?" Babu alijibu, kana kwamba ametukaniwa wazazi. Maongezi yakaishia hapo.

Huko juu misumari ilikuwa inalia ikichomolewa. Bati la kwanza juu ya chumba cha Babu liliinuka, likashushwa. La pili likafuata. Ili kufikia la tatu, Mjusi alihitaji kusimama kwenye mbao ya katikati, ile iliyopita juu ya kitanda. Alishika nyundo kwa mkono mmoja, mkono mwingine akajishikilia, akawa anamtania mwenzake kwamba mabati ya mzee yamegoma kuachana na nyumba kama mpangaji mkorofi.

Karani alijikuta chini ya ngazi. Alitaka kumwita Mama pembeni amnong'oneze, lakini Mama alikuwa upande wa jikoni, mikono imejaa sufuria, na muda haukuwepo. Alitaka mtu mwingine aseme. Hakukuwa na mtu mwingine.

"Fundi, usikanyage hapo," akasema. "Panavuja. Nilikudanganya."

Mguu wa Mjusi ulikuwa bado hewani. Aliurudisha taratibu alikoutoa. Alilala kifudifudi, akachomoa bisibisi kwenye mkanda, akanyoosha mkono mrefu hadi kwenye mbao ile, akaichoma. Bisibisi ilizama hadi kwenye mpini, kama inaingia kwenye mkate uliolowa maji. Akaigonga mbao kwa nyundo mara moja, kidogo tu, na kipande cha urefu wa mtu kikakatika kikaanguka. Kilitoboa dari, wakasikia kikitua kitandani.

Mjusi alishuka, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaomba maji. Alipopewa, alikunywa vikombe viwili mfululizo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda vibaya yote kwa pamoja. Mjusi alisema hawezi kuendelea. Mabati mapya hayafungwi bila mbao tatu ndefu zinazoshika paa zima, lazima zipasuliwe kwa kipimo, na duka la mbao hufungwa mchana Jumamosi. Hawezi kurudisha mabati ya zamani, mengi yalishapasuka kwenye kuchomolewa. Mama alisikiliza yote akiwa amesimama. Kisha alimgeukia Karani, akamtazama kama anajaribu kukumbuka alishamwona wapi.

"Hata wewe," akasema.

Maneno mawili tu. Karani angependa zaidi apigwe.

Saa tisa mvua ilishuka. Waliokuwa na turubai walilivuta, wasiokuwa nalo walishika nailoni, jirani mshonaji alileta hata kitambaa cha meza. Turubai lilitosha nusu ya sebule. Maji yaliingia kwenye sofa, yakaingia kwenye maboksi, yakapita kwenye maduara ya chaki yakayafuta yote, madogo na makubwa. Daftari za shule za Karani zilikuwa kwenye kiroba kilichotoboka. Alizikuta zimevimba, mwaka mzima wa maandishi umekuwa madoa ya bluu. Hakulia. Aliona hana haki ya kulia mbele ya mama yake, ambaye alikuwa anachota maji kwa beseni kutoka kwenye chumba chake mwenyewe na kuyamwaga dirishani, anachota, anamwaga, na maji hayapungui.

Babu alikuwa amesimama mlangoni kwake, kufuli mkononi. Hakuingia wala hakutoka. Mjomba alifika jioni kwa gari lake dogo, Mama akiwa amempigia simu. Alileta turubai la pili kutoka kazini kwake, akasaidia kulifunga, akakitazama chumba cha baba yake kutoka mlangoni, tundu la dari, kipande cha mbao juu ya kitanda. Alitikisa kichwa. Akasema kesho kazi ikiisha anaondoka na mzee, na hilo halina mjadala. Babu hakubisha. Hicho ndicho kilichomtisha Karani kuliko vyote. Babu aliyebishana hata na taarifa ya habari sasa alikaa kimya kama kiti.

Walilala kwa mshonaji, kati ya vyerehani. Asubuhi Karani alimwamkia babu yake. Babu aliitika "Marahaba," lakini hakuongeza neno, wala hakumwita Karani. Basi akajua amewapoteza wote wawili, mama na babu, kila mmoja kwa sababu yake.

Mafundi walirudi mapema. Mjusi alikuwa amemtoa mwenye duka la mbao kitandani, kwa maelezo yake mwenyewe alimbembeleza kama anamchumbia, na mbao tatu zilikuja juu ya mkokoteni. Kazi ya Jumatatu alishaomba isogezwe. Siku hiyo hakuna aliyepumzika. Mama alipasua dari ya Babu kwa mikono yake, Karani akaibeba nje vipande vipande, na mjomba, ambaye kwake ofisini hubeba karatasi tu, alibeba mabati hadi akachanika kiganja. Wingu lilipita mara mbili likawatazama tu. Saa kumi na nusu msumari wa mwisho ulipigwa. Mama aliingia sebuleni, akainua uso, akaona kiza kizuri cha nyumba iliyofunikwa. Hakufurahi. Alikaa tu kwenye sofa lililolowa, akafumba macho.

Mjusi alikuwa anakusanya vifaa vyake uani. Alimwita Karani amshikie ngazi, na kila mtu alisikia alichosema, kwa sababu mtu aliyezoea kuongea kutoka juu ya paa hajui kunong'ona.

"Jana usiku nilikuwa na hasira na wewe," alisema. "Nina watoto watatu nyumbani. Uliposema kikavu, mimi niliweka uzito wangu wote kwenye neno lako. Umeelewa? Siyo kwenye mbao. Kwenye neno lako."

Karani aliitikia kwa kichwa. Machozi aliyoyazuia tangu jana yalianza kushuka.

"Ila ulisema, na ulisema mguu ukiwa bado juu. Wapo watu wazima ambao wangesubiri waone itakuwaje." Mjusi alijifuta jasho, akapunguza sauti kidogo, siyo sana. "Najua kwa nini ulificha. Unampenda babu yako. Lakini mtu ukimpenda halafu ukamsaidia kuficha kitu kinachomuumiza, hujamlinda. Umemwacha peke yake nacho. Alikuwa analala chini ya mbao ile kila siku, wewe ukiwa na chaki mkononi."

Mama alikuwa ametoka, amesimama mlangoni. Hakumsahihisha fundi. Alikuja taratibu, akamfuta Karani uso kwa upindo wa nguo yake yenye vumbi, akazidi kumchafua.

Mjomba alifungua buti la gari. Aliuliza nguo za mzee ziko kiroba kipi. Babu alikuwa kwenye kiti chake, mikono magotini. Wote walijua kinachokuja: atakataa, mjomba atapandisha sauti, Mama ataingia kati, na redio mbili zitakuwa tatu.

Lakini Mjusi alikuwa na swali ambalo lilikuwa linamsumbua tangu asubuhi, akaliuliza kwa heshima. Dari ile waliyoipasua ilikuwa na doa la kahawia pana kama godoro, na mbao zake zilikuwa zimebonyea kiasi cha kuogopesha, moja kwa moja juu ya mto wa kulalia. Tone mzee alilisikia, sawa. "Lakini doa lile, Mzee. Seremala kama wewe, umelala chali unalitazama mwaka mzima. Hukuliona?"

Babu aligeuza kichwa kuelekea ilikotoka sauti ya mwanawe.

"Funga buti," akamwambia mjomba. "Kesho asubuhi ulete gari. Nipeleke kwa daktari wa macho, halafu unirudishe hapa hapa. Jicho la kushoto lilizima mwaka jana. La kulia naona kama nimefunikwa ile nailoni ya sofa."

Mjomba alifunga buti. Mama alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Na Karani aende nami," Babu akasema. "Daktari akitamka neno baya, nyie wawili mtanificha."